Jarida Lililowahi Kukaa Kwetu

Makala yangu ya kwanza ilikubaliwa kwa siku mbili. Niliituma Jumatatu jioni, na Jumatano saa nne usiku barua pepe ikaingia kwenye simu yangu ikinipongeza kwa mchango mkubwa na wa kipekee katika taaluma. Aliyeandika barua ile aliniita Profesa. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili katika Kiswahili hapa Kampala, nikiishi chumba kimoja na dada yangu. Nilimwamsha dada nimsomee barua, naye akaniuliza maprofesa hulala chini ya chandarua chenye matundu tangu lini.

Aya ya mwisho ilieleza kwamba makala ingetoka ndani ya siku saba baada ya mimi kulipa ada ya dola 150.

Wanafunzi wenzangu mnaosoma insha hii mnajua kwa nini sikusita. Katika vyuo vingi siku hizi, hapa Uganda na kwa majirani zetu, mwanafunzi wa uzamili au uzamivu hutakiwa aonyeshe kwamba amechapisha makala, au angalau ameiwasilisha kwenye jarida la kitaaluma, kabla hajamaliza masomo. Wahadhiri wetu nao hupandishwa vyeo kwa kuhesabiwa makala. Kwa hiyo neno jarida lilinifikia kwanza kama sharti. Nililiweka kundi moja na risiti ya karo na picha nne za pasipoti: kitu cha kuambatisha kwenye faili. Jarida lina kazi gani hasa, sikuwahi kujiuliza.

Makala yenyewe ilihusu maneno ya Kiswahili katika Luganda. Mama yangu huuza mivumba, yaani nguo za mitumba, katika soko la Owino, na mimi nimekulia chini ya meza yake ya biashara. Hata hiyo meza, Waganda huiita emmeeza. Husema ekitabu, ekkalaamu, ebbaluwa, essaawa, eddirisa. Saa zenyewe huzihesabu kama Waswahili: essaawa emu ya asubuhi ni saa moja, muda mfupi baada ya jua kuchomoza. Mama huyatumia maneno haya kutwa nzima, lakini ukimwambia kwamba kuna Kiswahili kinywani mwake atakukatalia.

Jjajja, mama yake mama, ndiye mkali zaidi. Kwake Kiswahili ni lugha ya wanajeshi waliosimama kwenye vizuizi vya barabarani zama za Amin. Siku nilipomwambia kwamba nimechagua kusoma Kiswahili chuoni, alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, umekosa nini mpaka unataka kuwa askari?" Kwa namna fulani makala yangu ilikuwa jibu kwake. Nilitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kiliingia nyumbani kwake kabla ya askari yeyote, na kwamba kimekaa pale miaka yote juu ya emmeeza yake.

Dola 150 zilikuwa kama shilingi 550,000. Mimi nilikuwa na 200,000. Zilizobaki nilimwomba mama. Hakuniuliza mengi. Alitaka kujua tu kama jina lake litaandikwa, maana nilimhoji mara kadhaa. Nilimweleza kwamba katika utafiti majina ya watoa taarifa hufichwa. Akacheka, akasema, "Basi angalia lako waliandike vizuri." Kisha akanipa fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya kununulia robota la mwezi uliofuata.

Jina langu waliliandika vizuri. Kilichoharibika ni jina la makala. Mahali niliposema Luganda paliandikwa Luanda, hata ikaonekana nimechunguza Kiswahili cha mji mkuu wa Angola. Makala iliyotangulia yangu ilihusu kisukari, na iliyofuata ilihusu uimara wa zege. Jina la jarida lilikuwa refu, lenye neno "Kimataifa" mwanzoni na maneno "Utafiti wa Juu" mwishoni. Haya yote niliyaona na nikajikaza nisiyaone. Niliituma makala kwenye kundi la simu la ukoo wetu, shangazi zangu wakajibu kwa picha za maua.

Wiki iliyofuata nikampelekea mwalimu wangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umechapisha."

Akafungua makala kwenye kompyuta yake, akaanza kusoma. Nilikaa nikimtazama uso. Alipofika ukurasa wa nne alisimama, akarudi nyuma mistari michache, akaisoma tena. Kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta na kuweka kidole katikati ya aya.

"Na hii nayo ni sehemu ya hoja?"

Katikati ya aya kuhusu maneno ya usafiri, kwa herufi kubwa, paliandikwa: HAPA MUULIZE MAMA TENA.

Lilikuwa agizo langu kwa nafsi yangu. Niliandika usiku mmoja nilipokuwa sina uhakika na mifano yangu, nikasahau kulifuta, na makala ikaenda nalo, ikakubaliwa nalo, ikasifiwa nalo, ikachapishwa nalo.

"Hakuna aliyesoma," Mwalimu akasema. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba basi limekwisha kuondoka. Nami nikatambua nilichokuwa nimekinunua. Mama yangu alitoa fedha za robota ili maneno yake yapite mbele ya watu ambao hawakuyatazama hata mara moja.

Nilidhani Mwalimu ataanza kunihubiria. Badala yake aliinuka, akaenda kwenye rafu, akashusha kijitabu chembamba ambacho mende walikuwa wamekitafuna pembezoni. Kilikuwa na maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Jina la kitabu hicho nililijua, maana sote tunaosoma fasihi ya Kiswahili tumelisikia darasani. Nisichojua ni kwamba toleo lile lilitoka kama nyongeza ya jarida, lile la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mwaka 1958 na 1959.

"Kamati hiyo ilikuwa wapi wakati huo?" Mwalimu akaniuliza.

Nikajibu Dar es Salaam, maana kwetu sisi kila jambo la Kiswahili liko Dar es Salaam.

"Ilikuwa hapo," akasema, akaelekeza kidole dirishani, upande wa kilima cha Makerere.

Ndugu msomaji, huenda wewe ulilijua hilo kabla yangu. Kamati ya Lugha, ile iliyoanzishwa tarehe 1 Januari 1930 ili kusanifisha Kiswahili, ilikuwa na makao ya kuhamahama. Ilianzia Dar es Salaam, mwaka 1942 ikahamia Nairobi, na mwaka 1952 ikaja Makerere, ikakaa hadi 1962. Kutoka hapo ilikwenda Mombasa kwa muda mfupi, kisha ikarudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 ilizaliwa upya kama Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ambayo leo ni TATAKI. Lile jarida nalo lilihama pamoja na Kamati na kubadilisha majina njiani, kutoka taarifa ya kamati hadi jarida la kamati, hadi Swahili, na hatimaye Kiswahili, jina linalotumika mpaka leo.

Kwa miaka kumi, basi, jarida kuu la lugha hii lilihaririwa katika mji ambao Jjajja anasema lugha hii haina kwao. Si maisha ya Tippu Tip peke yake yaliyotoka wakati huo. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini, ulitoka pia kama nyongeza ya jarida hilo mwaka 1957. Vita vilipiganwa kusini mwa Tanzania ya leo, mshairi alikuwa mtu wa huko huko, na utenzi wake ukawafikia wasomaji kwa jarida lililokuwa na makao Kampala.

Niliomba kukaa na kijitabu kile kwa siku chache. Nilipoendelea kutafuta, nilikutana na jambo jingine ambalo bado linanisumbua. Mwaka 1962, mwaka ule ule Kamati ilipoondoka Makerere, ulifanyika pale pale Makerere, mwezi Juni, mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi wa chuo hicho, alihudhuria. Baadaye aliandika kwamba yeye, mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache tu, alistahili kualikwa, ilhali Shaaban Robert, mwenye vitabu vingi vya ushairi na nathari kwa Kiswahili, hakustahili. Mwezi huo huo Shaaban Robert alifariki dunia. Kilima kimoja, mwaka mmoja: lugha moja ilikuwa inafunga mizigo, na nyingine inapokea wageni.

Lakini ubishi juu ya mkutano ule nao uliendeshwa katika jarida, na jarida hilo pia lilikuwa la hapa kwetu. Rajat Neogy alianzisha Transition mjini Kampala mwaka 1961. Mwaka 1963 alichapisha insha ya Obi Wali wa Nigeria iliyodai kwamba fasihi ya Afrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya imeingia njia isiyo na pa kutokea. Waandishi wakubwa walijibu, wengine kwa hasira, na jarida likayachapa majibu hayo pia. Miaka zaidi ya 20 baadaye Ngũgĩ aliirudia hoja ya Obi Wali katika kitabu chake juu ya ukombozi wa fikra. Neogy mwenyewe aliwekwa kizuizini mwaka 1968 kwa sababu ya mambo yaliyochapishwa katika Transition, na jarida likahamia Accra. Transition halikuwa jarida la kitaaluma kwa maana kali ya neno hilo, kwa kuwa lilichanganya ushairi, siasa na barua za wasomaji. Hata hivyo lilinifundisha kitu ambacho mwongozo wa utafiti wa chuo chetu haukunifundisha: kwamba maandishi katika jarida hutarajia kujibiwa. Mtu anasema, mwingine mbali huko anasoma, anakataa, anaandika kwa nini anakataa, na wa tatu aliye kimya anajifunza kwa wote wawili. Mimi nilikuwa nimelipa fedha ili niseme mbele ya chumba kitupu.

Nilirudisha kijitabu nikamwuliza Mwalimu kama naweza kuipeleka makala ile ile kwenye jarida la kweli.

"Huwezi," akasema. "Imekwisha kuchapishwa. Jarida lolote linalojiheshimu hudai makala ambayo haijatoka kwingine."

Nikawaandikia wale jamaa niiondoe. Walijibu haraka kama kawaida yao. Safari hii hawakuniita Profesa. Walisema kuondoa makala kunahitaji ada nyingine. Sikulipa. Makala ipo huko mpaka leo, na Luanda yake, na mama yangu kwa herufi kubwa.

Kwa manufaa ya wenzangu, niseme nilichojifunza kwa gharama. Kutoza ada peke yake si ushahidi wa utapeli, kwa sababu yapo majarida ya heshima ambayo hutoza waandishi ili wasomaji wasome bure. Angalia mambo mengine. Wahariri wametajwa kwa majina, na unaweza kuona kazi zao za fani hiyo? Matoleo yaliyopita yanahusu taaluma moja, au kisukari kimekaa bega kwa bega na zege? Wameeleza nani atasoma makala yako na itachukua muda gani? Ukiahidiwa jibu la siku mbili, jiulize ni msomi gani atakayeacha madarasa yake leo asome kurasa zako 20 usiku huu. Kuna orodha za kuaminika za majarida yanayosomwa bure, kama ile iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, mwaka 2003, na kuna mtandao wa majarida ya Afrika ulioanzishwa mwaka 1998, ambao makao yake yako Afrika Kusini. Na kuna njia nyepesi kuliko zote, niliyoipuuza kwa haraka yangu: kumwuliza mwalimu kabla ya kulipa.

Sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo wanafunzi wa fani nyingine hawana. Majarida yetu ya kweli hayako mengi kiasi cha kumpoteza mtu. Ukitaja Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha ya Dar es Salaam, Mwanga wa Lugha ya Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, na Swahili Forum inayotolewa Ujerumani na kusomwa bure na yeyote, umetaja sehemu kubwa ya baraza letu. Nilianza kuyasoma kwa mara ya kwanza bila kutafuta nukuu ya kubandika. Nilisoma makala nzima, na tanbihi zake, kama mtu anayesikiliza wazee wakizungumza kabla hajaomba nafasi.

Sitaki kuyapamba kupita kiasi. Katika matoleo ya zamani, makala nyingi juu ya Kiswahili zimeandikwa kwa Kiingereza, na waandishi wengi ni maofisa wa serikali ya kikoloni na wamisionari. Mswahili mara nyingi yumo kama mtoa taarifa, wakati mwingine bila jina. Nilipoona hivyo nilimkumbuka mama yangu akiuliza kama jina lake litaandikwa. Mimi pia nilikuwa nimemjibu kama walivyojibiwa wale. Na hata leo, makala kadhaa nilizozihitaji kuhusu Luganda, lugha ya nyumbani kwetu, nilizikuta nyuma ya mlango uliofungwa, kila moja ikitaka dola kadhaa kabla ya kufunguka. Ni jambo la ajabu kusimama Kampala ukiombwa kiingilio ili usome kuhusu usemi wa Kampala.

Lakini nilikuwa na deni, na njia ya kulilipa ilikuwa kufuata agizo langu mwenyewe. Nilikwenda kumwuliza mama tena.

Kila Jumamosi kwa miezi minne nilikaa naye Owino. Asubuhi nilimsaidia kufungua robota na kuchambua nguo, kwa sababu robota nililomkosesha lilibidi lirudi kwa jasho. Mchana, wateja wakipungua, nilimwuliza. Siku moja alikuwa anasimulia jinsi alivyosafiri kwenda Jinja na Jjajja akiwa msichana, akasema walipanda eggaali y'omukka. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni. Siku hiyo nililisikia upya, nikaacha kukunja suruali niliyoishika.

"Mama, omukka ni nini?"

"Moshi. Hujui omukka?"

"Na Waswahili wa Mombasa gari hilo huliita gari la moshi."

Alinyamaza. Mteja mmoja akaja, akauliza bei ya koti, akaenda zake. Mama akalitundika koti mahali pake.

"Basi ni hilo hilo," akasema.

Wenzangu wa isimu wameshaelewa. Maneno kama emmeeza yamebebwa yalivyo, yakavishwa tu mavazi ya Luganda: irabu mbele, konsonanti iliyokazwa. Katika eggaali y'omukka Waganda walichukua neno gari, kisha wakaitafsiri nusu ya pili kwa neno lao. Wamekopa neno, na pia wamekopa namna ya kulifikiria gari lenyewe. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931. Naamini jina la chombo kile lilipanda nayo kutoka pwani, likabadilisha nguo njiani.

Niliandika makala mpya kuanzia mstari wa kwanza, nikaipeleka kwenye jarida ambalo sitalitaja kwa kuwa bado lina kazi yangu mkononi. Walijibu kwamba wameipokea. Kisha kimya. Mwezi wa kwanza nilifungua barua pepe kila asubuhi. Mwezi wa tatu niliacha. Katika mwezi wa saba ndipo maoni yakaja, kurasa tano, kutoka kwa wasomaji wawili ambao siwajui na ambao hawakuonyeshwa jina langu.

Msomaji wa kwanza aliipenda, akaomba nieleze zaidi kuhusu ngeli. Wa pili alinichanachana. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: mwandishi anajuaje? Kitabu na kalamu, aliandika, ni maneno ya Kiarabu kabla ya kuwa ya Kiswahili. Wafanyabiashara waliofika katika ikulu ya Buganda karne ya 19 walikuja na Kiswahili na Kiarabu kwa pamoja, na dini ilifundishwa kwa Kiarabu. Kwa nini Luganda isiwe imeyachukua baadhi ya maneno haya moja kwa moja? Mimi nilikuwa nimetoa hoja niliyojivunia sana: kwamba Luganda husema ekitabu na ebitabu, kama Kiswahili kinavyosema kitabu na vitabu, ingawa katika Kiarabu silabi ile ya kwanza si kiambishi hata kidogo. Nilidhani nimefunga goli. Msomaji wa pili akanijibu kwa mstari mmoja kwamba Luganda nayo ina ngeli ya ki- na bi- ya kwake, na ingeweza kufanya hivyo bila kusaidiwa na mtu.

Nilifunga kompyuta. Nilimchukia mtu yule kwa siku mbili nzima. Siku ya tatu niliyasoma maoni tena nikaona kwamba alikuwa amesoma kila mfano wangu, hata ule wa tanbihi ya mwisho, na kwamba mahali pamoja alisahihisha hesabu ya konsonanti ambayo mimi, Mganda, nilikuwa nimeikosea. Mwisho wa ukurasa wa tano aliandika kwamba ushahidi wangu wenye nguvu nimeuficha nyuma: emmeeza, kwa sababu neno meza limetoka Kireno na Wareno waliishia pwani, kwa hiyo lazima lilipitia kwa Waswahili, na eggaali y'omukka, ambayo alisema ingestahili kuwa moyo wa makala. Alishauri niianzie hapo.

Nilikaa na sentensi ile kwa muda mrefu. Mtu nisiyemjua, pengine Dodoma, pengine Bayreuth, pengine mtaa wa pili kutoka kwetu, alikuwa amesimama katika kibanda cha mama yangu Owino na kusikia nilichokisikia. Hakulipwa kitu kwa kazi ile, kama ilivyo kawaida ya wasomaji wa majarida. Hakuniita Profesa. Alinitendea jambo kubwa zaidi ya hilo: alifanya kana kwamba nilichosema kinaweza kuwa kweli, akakisukuma kwa nguvu aone kama kitaanguka.

Uamuzi wa wahariri ulikuwa nirekebishe na kuwasilisha upya. Imenichukua miezi miwili. Nimeondoa ekitabu kwenye orodha ya ushahidi, nimeliweka kwenye sehemu ya maswali ambayo hayajajibiwa. Makala sasa inaanza na gari la moshi. Mwanzoni kabisa, kwa idhini yake na baada ya kuwauliza wahariri, nimemshukuru mama kwa jina lake kamili. Sijui kama wataikubali. Tarehe yangu ya kutetea tasnifu imesogezwa mbele muhula mmoja kwa sababu ya haya yote, na muhula huo una karo yake. Wanafunzi wenzangu wawili wameshamaliza kwa makala zilizokubaliwa ndani ya wiki moja, na sina haki ya kuwacheka, kwa sababu najua mama zao wanauza nini.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Owino. Jjajja alikuwa amekuja mjini kwa ajili ya macho yake, ameketi kwenye kigoda nyuma ya meza. Mama akaniuliza, huku akihesabu vifungo vya shati, kama ile kazi yetu imetoka.

"Bado, Mama. Kuna watu wanaisoma."

"Watu gani?"

"Siwajui. Nao hawanijui."

"Na wanayasoma maneno yangu?"

"Moja moja."

Jjajja akauliza hayo maneno ni ya lugha gani. Mimi na mama tukatazamana. Mama akamjibu kwamba ni yale waliyosema siku ile walipokwenda Jinja na eggaali y'omukka. Kisha akanigeukia.

"Waambie wasifanye haraka," akasema. "Wasome vizuri."